Bastola ya Marehemu Inayogoma Haijafa

Ala ya ngozi ya bastola ya Nambu Aina ya 14, ambayo jeshi la Japani liliipitisha mwaka 1925, ina kijimfuko cha kuwekea pini ya akiba. Pini hiyo ndiyo inayogonga kitako cha risasi mpaka risasi ikalipuka. Jeshi halimpi ofisa wake pini ya pili kama lina imani kamili na ya kwanza. Springi ya kuisukuma pini ya Nambu ilikuwa na sifa mbaya ya kulegea, na ikishalegea bastola hugonga bila kulia. Askari wa King's African Rifles waliopelekwa Burma mwaka 1944, vijana wa kutoka Nyasaland hadi Uganda, walipigana na jeshi lililokuwa likivaa bastola hizo kiunoni.

Vita vilipokwisha mwaka uliofuata, wanajeshi wa Marekani walirudi makwao na maelfu ya bastola za adui: Nambu kutoka Pasifiki, Luger na Walther P38 kutoka Ujerumani. Baadhi yao walikuwa na karatasi zilizosainiwa na makamanda, kuthibitisha kwamba ile ni ngawira halali. Wazee hao karibu wote wameshafariki. Bastola zao zimebaki kwenye makasha na droo za makabati, na sasa zimeangukia mikononi mwa wajukuu ambao hawakuwahi kumwona babu akizifungua hata mara moja.

Kinachofuata hufanana nyumba kwa nyumba. Mjukuu anaipeleka bastola kwenye uwanja wa kulenga shabaha, anaijaza, anavuta kifyatulio, nyundo inaanguka, anasikia “ta!” basi. Akiitoa risasi anakuta kitako chake kimebonyea kidogo tu, alama nyembamba isiyo na kina. Akiirudisha ileile na kujaribu tena, mara nyingine inalia. Hapo ndipo watu hugawanyika. Wako wanaosema chombo kimekufa, wakakitundika ukutani au kukiacha kwenye droo isiyo na kufuli, kwa kuwa “hakifanyi kazi”. Wako pia wanaoona wamepata chemshabongo: wanaagiza springi ngumu zaidi, wanatandika gazeti mezani, wanaanza kufungua skrubu.

Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la kwanza ni baya kuliko la pili. Bastola inayogonga kidogo haijafa. Imebaki na uwezo wake wote wa kuua. Kilichoondoka ni uhakika wa saa itakayofanya hivyo. Nyumba inayoishi na kitu cha namna hiyo ina hatari kubwa kuliko nyumba yenye bastola nzima, kwa sababu bastola nzima watu huiogopa.

Ili kuona kwa nini, inafaa kuchungulia ndani ya kitako cha risasi. Katikati yake kuna fataki, kikombe kidogo cha chuma laini ambacho katika risasi nyingi za bastola kina upana wa milimita 4.45, na katika risasi ya inchi .45 kwa kawaida milimita 5.33. Ndani ya kikombe umepakwa unga unaolipuka ukibanwa ghafla. Juu ya unga huo kuna kipande kidogo cha chuma kinachofanya kazi ya fuawe. Pini ikikibonyeza kikombe, unga unabanwa kati ya kikombe na fuawe, unawaka, na mwali wake unapenya tundu hadi kwenye baruti. Ukiubana polepole hauwaki. Unataka pigo la nguvu na la haraka, la katikati, lenye kina cha kutosha. Likipungua moja kati ya hayo, fataki inabaki na alama na risasi inabaki nzima.

Mwindaji wa gobore wa bara anaijua fataki tangu utoto wake, na mtu wa kumshukuru ni mchungaji wa kanisa. Alexander John Forsyth, wa parokia ya Belhelvie huko Uskoti, alipenda kuwinda ndege, na alikerwa na bunduki za gumegume kwa sababu cheche zake ziliwashtua ndege kabla risasi haijatoka mtutuni. Mwaka 1807 alisajili uvumbuzi wake wa kuwasha baruti kwa kugonga unga unaolipuka. Miaka ya 1860 Mwingereza Edward Boxer na Mmarekani Hiram Berdan wakaukamilisha ndani ya risasi ya ganda la chuma, kila mmoja kwa njia yake: Boxer aliiweka fuawe ndani ya fataki yenyewe, Berdan akaijenga kwenye ganda. Kwa kichekesho cha historia, Wamarekani leo wanatumia fataki ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya kwa muda mrefu yalitumia ya Mmarekani.

Basi bastola inapogoma, mshukiwa wa kwanza ni risasi. Hili ni la kushangaza kwa mrithi, maana yeye amekuja na shutuma dhidi ya bastola. Lakini mara nyingi bastola ya urithi huja na sanduku lake la risasi, na sanduku hilo limekaa miongo kadhaa juu ya dari lenye joto, pengine na unyevu. Wakati mwingine risasi zimejazwa upya nyumbani na marehemu mwenyewe, na fataki haikusukumwa hadi mwisho wa kishimo chake. Pigo la kwanza la pini linamalizia kuishindilia, la pili ndilo linaloilipua. Mrithi anaona bastola yenye kigeugeu, kumbe bastola imefanya kazi ya fundi aliyejaza risasi vibaya.

Kwa hiyo fundi bunduki mwenye uzoefu hagusi skrubu yoyote kabla ya kuweka pembeni risasi za marehemu na kujaribu sanduku jipya la kiwandani, la aina inayoandikwa mtutuni. Kisha anatazama alama. Fataki iliyobonyea sana na isilipuke inaishtaki risasi. Iliyobonyea kidogo inaishtaki bastola. Iliyogongwa pembeni badala ya katikati inaleta maswali mengine kabisa, hasa kwenye rivolva, ambako silinda iliyochakaa hushindwa kusimama sawasawa na mtutu. Hata risasi mpya hazilingani: fataki za kijeshi hutengenezwa ngumu makusudi ili zisilipuke kwa ajali, na bastola yenye springi iliyochoka inaweza kuzilipua za kiraia zote na kushindwa na za kijeshi.

Kuandikwa mtutuni nako si ushahidi wa mwisho. Wakati wa vita vya pili kampuni ya Smith & Wesson ilitengeneza zaidi ya rivolva nusu milioni kwa ajili ya Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake, zikitumia risasi fupi nene ya .38 ya Kiingereza. Vita vilipokwisha, wafanyabiashara walichonga silinda za nyingi kati ya hizo ili ziingie .38 Special, ambayo ni ndefu na nyembamba kidogo. Maganda hutoka humo yamevimba, mengine yamepasuka. Anayerithi moja ya hizo amerithi uamuzi wa mfanyabiashara asiyemjua.

Mshukiwa wa pili ni uchafu, na hapa ndipo wema wa marehemu hugeuka adhabu. Watu wengi waliamini kwamba kuitunza bastola ni kuipaka mafuta. Kila mwaka walimimina matone machache popote palipoonekana na tundu, ikiwa ni pamoja na njia ya pini. Mafuta hayo hayakuondoka. Yalichanganyika na masizi ya baruti na vumbi, yakakauka yakawa kama gundi ya seremala. Silaha zilizohifadhiwa kwenye maghala ya kijeshi zilipakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, nayo baada ya miongo hufanya yaleyale. Pini inayotakiwa kuruka inaburuzika.

Ukimtazama fundi akiifungua Colt M1911, jambo hili linaonekana kwa macho. Anahakikisha magazini imetoka na chemba ni tupu, anaangalia, anapitisha kidole, anaangalia tena. Nyuma ya sehemu ya juu kuna tundu dogo ambamo kitako cha pini kinachungulia. Anakibonyeza kwa kijiti, anateremsha kibati kilichokuwa kimeizuia, na pini inataka kuruka nje kwa nguvu ya kijispringi chake. Kwenye bastola nzima inaruka. Kwenye bastola ya urithi mara nyingi haiendi popote. Inatolewa kwa kuvutwa, imevaa koti jeusi la ugando, na springi yake imenata juu yake. Fundi anaiosha, anapitisha brashi kwenye njia yake mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha anairudisha kavu, bila mafuta. Mwenye mali kwa kawaida hushtuka kuona haijapakwa chochote. Njia ya pini hukaa kavu.

Kabla na baada ya kazi hiyo mafundi wengi hufanya jaribio la penseli. Bastola ikiwa tupu, penseli inaingizwa mtutuni, upande wa kifutio ukitangulia, mpaka kifutio kikae juu ya tundu la pini. Mtutu unaelekezwa juu, kifyatulio kinavutwa. Pini yenye afya huirusha penseli ikatoka mtutuni na kuelekea darini. Pini iliyonata huifanya irukeruke kidogo na kurudi ilipokuwa. Ni kipimo cha kienyeji, lakini kinamaliza ubishi kuliko maelezo ya nusu saa.

Colt hiyo inastahili kuzungumziwa kidogo, kwa sababu rekodi yake inaonyesha makosa ya aina hii yanatoka wapi. Machi 1911 jeshi la Marekani liliijaribu bastola ya John Moses Browning kwa kupiga risasi 6,000, na ilipopata joto kali ilitumbukizwa majini na kuendelea. Haikugoma hata mara moja. Ikapitishwa tarehe 29 ya mwezi huohuo, na ikabaki bastola rasmi ya jeshi hadi mwaka 1985. Chombo kilichofaulu mtihani wa namna hiyo kikianza kugoma mikononi mwa mjukuu, ni vigumu kumlaumu aliyekibuni. Kuna mkono ulipita katikati.

Mkono huo ndio mshukiwa wa tatu, na kwa maoni ya makala haya ndiye anayesahauliwa kuliko wote. Katika rivolva za zamani za Smith & Wesson, nguvu ya nyundo hutoka kwenye springi bapa iliyo ndani ya mpini, na springi hiyo hukazwa na skrubu ndogo iliyo mbele ya mpini, chini. Skrubu hiyo inatakiwa ikazwe hadi mwisho. Lakini mtu akiilegeza mizunguko miwili, kifyatulio kinakuwa laini, mlengaji anajisifu kwamba amepata bastola tamu, na nyundo inaanguka kwa uchovu. Wengine hawakuilegeza, waliikata ncha. Wengine waliondoa mizunguko kadhaa ya springi kwa koleo. Marehemu huenda alifanya hivyo ili alenge vizuri kwenye mashindano ya Jumamosi akitumia risasi zenye fataki laini, na kwake ilifanya kazi miaka yote. Hakuacha maandishi. Mrithi analeta risasi nyingine, na ugonjwa unaonekana kama umeanza leo.

Kuikaza skrubu ile ni kazi ya dakika moja. Ndiyo sababu inaudhi kuona watu wakirukia springi ngumu kabla ya kuitazama. Springi mpya yenye nguvu ya kiwandani ni dawa halali, tena ya bei ndogo, kwa kuwa chuma huchoka baada ya miaka 80. Springi iliyozidi nguvu ya kiwandani ni jambo jingine: inaugonga kwa nguvu kila mara ugonjwa ambao haujatajwa, inachosha vyuma vya karne iliyopita, na pini ya zamani inaweza kukatika ncha. Kwenye bastola zinazojipakia zenyewe inaweza pia kuvuruga mwendo mzima wa kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ncha ya pini ikiwa imechakaa au imebanjuka, hakuna springi itakayoirudisha.

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi uwanjani. Luger nyingi za kijeshi zilipigwa namba za mwisho za usajili wake kwenye vipande vidogovidogo, na mkusanyaji hulipa fedha nyingi zaidi kwa ile ambayo vipande vyake vyote vina namba moja. Pini asilia ikitupwa kwa sababu imechoka, sehemu ya thamani imetupwa nayo. Mwenye akili hununua pini ya pili ya kulengea shabaha, ya zamani akaifunga kwenye karatasi na kuiweka. Kisa kinachowaumiza wakusanyaji kuliko vyote ni cha kampuni ya Singer, hiyohiyo ya cherehani zilizo barazani kwa mafundi wetu kuanzia Lamu hadi Kigoma. Mapema katika vita vya pili ilitengeneza bastola 500 tu za aina ya M1911A1 kwa ajili ya jeshi la Marekani, kisha ikaelekezwa kwenye kazi nyingine. Mwaka 2017 moja kati ya hizo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 400,000. Zilichanganyika jeshini na nyingine zaidi ya 800,000 zilizotengenezwa na Remington Rand, waliokuwa watu wa mashine za kuchapia. Anayeikata springi ya bastola ya babu bila kusoma maandishi ya ubavuni anacheza bahati nasibu bila kujua kama ana tiketi.

Turudi kwenye hatari, maana thamani ya mnadani ni habari ya wachache.

Mlio wa “ta!” haujamaliza kusema kila kitu. Fataki inaweza kuwaka polepole, hasa ya risasi iliyozeeka, na risasi ikatoka baada ya sekunde kadhaa. Walimu wengi wa shabaha hufundisha kwamba mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua chochote. Askari vitani hufundishwa kinyume chake, kugonga magazini, kuvuta na kuendelea mara moja, kwa sababu mbele yake kuna mtu anayemlenga. Filamu zimewafundisha watu mwendo wa askari. Mtu wa kawaida, akisikia “ta!”, huigeuza bastola na kuichungulia mtutuni, na hilo ndilo jambo la mwisho ambalo chombo kile kinahitaji kutoka kwake.

Hatari ya pili haisikiki vizuri. Risasi isiyo na baruti, au yenye baruti iliyolowa, inaweza kusukumwa na fataki pekee yake. Inatoka kwenye ganda, inasafiri inchi chache, inakwama ndani ya mtutu. Mlengaji anasikia mlio mdogo usio wa kawaida, anadhani ni ileile kasoro ya siku zote, anapakia nyingine. Risasi ya pili inakutana na ya kwanza, na mtutu unavimba au kupasuka mkononi mwake. Bastola yenye historia ya kugoma ndiyo inayomzoesha mtu kutojali mlio wa ajabu. Kwa hiyo kila mlio usioeleweka unataka bastola ifunguliwe na mtutu uangaliwe kutoka upande wa nyuma, chemba ikiwa tupu.

Wale wanaoamini kwamba kasoro ya kifyatulio ni kinga wangezungumza na mwenye Nambu Aina ya 94, mdogo wa ile ya mwaka 1925. Kwenye ubavu wake wa kushoto kuna kipande kirefu cha chuma kilichoachwa wazi, nacho ndicho kinachoishikilia nyundo iliyotegwa. Ukikibonyeza kwa kidole, au bastola ikibanwa vibaya, inaweza kulia bila mtu kugusa kifyatulio. Bastola inaweza kukataa amri na bado ikatii ajali.

Haya yote yangeweza kuachwa kwa Wamarekani na makasha yao, lakini Afrika Mashariki nayo ina mirathi yake. Enfield Na. 2, ambayo Uingereza iliipitisha mwaka 1932, na Webley Mk IV ya .38 zilivaliwa na maofisa wa jeshi na polisi kote kwenye makoloni. Walowezi na mabwana wa mashamba walikuwa na zao. Baada ya uhuru watumishi wa umma, wafanyabiashara na wakulima walipewa leseni za bastola na bunduki za ndege, wakazitumia au wakazificha tu, wakazeeka nazo. Mtu akifa, kikao cha ukoo kinagawa shamba, ng'ombe na nyumba. Bastola inabaki kwenye sanduku la bati, na kijana mmoja mwenye kujiamini anasema wasihangaike, hiyo ni kopo tu, alijaribu akiwa shule ikagoma.

Sheria haijali iligoma lini. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kuwa silaha si ile tu inayoweza kutoa risasi bali hata ile inayoweza kurekebishwa ili itoe. Enfield yenye springi iliyolegea imo humo bila mjadala. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Pande zote mbili za mpaka leseni hupewa mtu, haipewi nyumba wala ukoo. Marehemu hawezi kumwachia mwanawe leseni kwenye wosia kama anavyomwachia kiwanja. Mwana anayeichukua bastola na kuipeleka kwa fundi pikipiki mtaani ili “aiangalie springi” ameshajiingiza kwenye kosa, na fundi amemwingiza pamoja naye, hata kama nia yao ni kuona tu kama inalia.

Hapa mpangilio wa kazi unageuka. Mmarekani anaweza kuanza na risasi, akaja kwenye uchafu, akamalizia na springi. Mrithi wa Moshi au Nakuru anaanza na karatasi: msimamizi wa mirathi anaitaja silaha hiyo waziwazi, polisi wanaarifiwa kwanza ili wenyewe waseme ihamishwe vipi, badala ya mtu kuipakia kwenye kikapu na kupanda nayo daladala. Kama kuna mrithi anayetaka kuimiliki, anaomba leseni kwa jina lake na anapimwa kama mwombaji mwingine yeyote. Akiipata, ndipo swali la pini na springi linapokuwa na maana, tena kwa fundi mwenye kibali.

Wapo watakaosema huu ni urasimu wa kumnyang'anya mtu kumbukumbu ya baba yake. Hoja hiyo ina uzito, na si haki kuidharau. Mzee aliyevaa Webley kwa miaka 30 ya utumishi aliacha kitu kilichobeba jasho la kiganja chake. Waingereza wenyewe, walipopiga marufuku karibu bastola zote mwaka 1997 baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane, waliacha kifungu maalumu kwa ngawira za vita zilizopatikana kabla ya Januari 1, 1946. Nchi yenye uchungu mbichi kiasi kile iliona kwamba kumbukumbu ni jambo la kuzingatiwa. Uingereza pia ina utaratibu wa miaka mingi wa kuiua silaha rasmi: inafanyiwa kazi hadi haiwezi tena kulia, inakaguliwa, inapigwa muhuri, inapewa cheti, ndipo inatundikwa sebuleni. Hiyo ndiyo bastola iliyokufa kweli. Tofauti yake na ile ya kwenye sanduku la bati ni cheti na mashine ya kuchomelea vyuma, na ingekuwa jambo jema kama familia za huku zingepewa njia ya namna hiyo, iliyo wazi na isiyo ghali, badala ya kuachiwa mambo mawili tu, kusalimisha au kuficha.

Maana wengi wanaficha, na si kwa ubaya. Tangu mwaka 2017 Umoja wa Afrika umeufanya mwezi Septemba kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha ndogo walizonazo kinyume cha sheria. Nchi za ukanda huu zilishatia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayozitaka ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake. Novemba 2016 Kenya iliteketeza kwa moto silaha 5,250 huko Ngong mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Picha za tanuru kama lile, na matangazo yanayoambatana na misamaha, humzungumzia jambazi, mwizi wa mifugo na jangili. Mjane mwenye rivolva ya mumewe iliyofungwa ndani ya kanga hajioni humo. Akisikia “silaha haramu” anadhani anaambiwa mtu mwingine, au mbaya zaidi, anadhani akijitokeza atawekwa fungu moja na hao.

Tangazo la msamaha lingeweza kumtaja yeye moja kwa moja. Liseme kwamba silaha ya marehemu, nzima au mbovu, inayolia au inayogoma, inahusika. Kwamba asiijaribu, asiifungue wala kuchomoa risasi zilizomo kama hajui, aiache ilipo na kutoa taarifa. Na kwamba hatashtakiwa kwa kuchelewa. Lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, na nakala zipelekwe kwa wenyeviti wa mitaa na machifu, ambao ndio huitwa kwenye kikao cha arobaini pale mirathi inapoanza kuzungumzwa.